Magogo ya Herborg

Habari za Herborg wa Svalvík niulizeni mimi. Msimuulize Finnbogi, mume wangu. Finnbogi atawaambia kwamba Herborg alikuwa mwanamke mkali aliyekosana na kaka yake kwa ajili ya kuni. Kuni, anasema, huku ameshika kikombe cha kahawa niliyompikia mimi. Nimekaa na mtu huyu tangu sina mvi hata moja, na kila neno hilo likimtoka kiganja kinaniwasha.

Pwani yetu ya Strandir, huku kaskazini mwa kisiwa chetu, haina miti. Mtu akitaka mti unaompita urefu anautazamia baharini. Magogo yetu yanatoka Siberia. Yanang'olewa na mito ya huko wakati wa mafuriko, yananaswa kwenye barafu ya bahari, na barafu inatambaa nayo kupita juu kabisa ya dunia, mwaka baada ya mwaka, bila haraka yoyote. Halafu mkondo wa baridi unateremka nayo kando ya Greenland, na baadhi yake yanatupwa kwetu. Barafu ndiyo inayoyabeba. Gogo likiachwa majini peke yake muda wote huo linalewa maji na kuzama. Kwa hiyo huyo huyo anayetuletea baridi ya kuua kondoo ndiye anayetuletea boriti za nyumba, nasi tumezoea kumtukana asubuhi na kumshukuru jioni.

Upo na mkondo mwingine, wa maji vuguvugu yenye chumvi nyingi, unaotoka kusini. Unapanda pwani ya magharibi, unaizunguka rasi ya Horn, kisha unapita mbele yetu ukienda mashariki. Mwaka ambao huo unashinda, majani yanaota na samaki wanasogea karibu. Ukishindwa, maji ya barafu yanatandaa juu yake. Hayazami, kwa sababu hayana chumvi ya kutosha, ni mepesi, basi yanaufunika ule wa joto kama mfuniko wa sufuria. Joto lipo, liko pale chini ya mashua yako, na wewe juu meno yanagongana. Mwaka wa namna hiyo barafu inakuja mpaka mlangoni.

Lakini ushinde huu au ule, kitu kikichukuliwa na bahari kwetu kinaelekea mashariki, kuvuka ghuba, mpaka Skagi. Boya, ndoo, kondoo aliyeteleza kwenye jabali, vyote huko. Kofia aliyovaa Finnbogi siku ya harusi yetu ilipeperushwa na upepo mbele ya kanisa, na wiki kadhaa baadaye mtu wa Skagi alipiga simu kuuliza ni ya nani. Sijawahi kusikia kitu cha kwetu kimeokotwa magharibi. Hilo lishikeni, maana hadithi yote imekaa hapo.

Herborg alikuwa akiishi Svalvík, ng'ambo ya kilima kutoka kwetu, pamoja na baba yao mzee Ingimundur na kaka yake Ketill. Hakuolewa, na Ketill hakuoa. Mzee alipoona kifua kinamchosha alituita majirani, akagawa mali mbele yetu. Ardhi, nyumba na mifugo akampa Ketill. Haki ya ufukwe akampa Herborg, yaani kila mti utakaoletwa na bahari kwenye pwani ya Svalvík ni wake. Kwetu haki hiyo ni mali kamili, inaweza kwenda kwa mtu mmoja na ardhi ikaenda kwa mwingine, wala hakuna aliyeshangaa. Ketill mwenyewe alipiga makofi.

Utaratibu ni huu. Ukiona gogo, unalivuta juu kupita mstari wa maji makuu na kulichonga alama ya ufukwe wako kwa shoka. Ya Svalvík ni mikato mitatu iliyolala pamoja na mmoja unaoipita mshazari. Likishachongwa ni lako popote litakapokwenda. Bahari ikilichukua tena na kulitupa kwa mwingine, huyo mwingine anakupigia simu. Mwizi wa kondoo kwetu husamehewa akizeeka. Anayefuta alama kwenye gogo hata mazishi yake watu huja kwa kuchelewa.

Herborg alitaka nyumba. Alikuwa anakaribia miaka arobaini, na tangu azaliwe alilala kwenye chumba cha nyuma ya jiko, ukuta mmoja na baba, ukuta mwingine na kaka. Alishachagua mahali, ng'ambo ya kijito, penye jiwe kubwa la kuzuia upepo wa kaskazini. Kila gogo lililofika alikuwa tayari anaijua kazi yake. Nilikuwa nikimsaidia kuyavuta na farasi wangu, na siku moja tukiwa tumelowa mpaka kiunoni akalipiga gogo kofi akasema, "Hili ni la dirisha la baharini."

"Utaangalia nini huko? Barafu?"

"Nitaangalia nitakacho, Dagny. Nikichoka nafunga pazia."

"Na upweke je? Utakaa unaongea na birika?"

"Mwenzangu, tangu nizaliwe naamka kwa kikohozi cha mtu mwingine. Nataka siku moja niamke kwa kikohozi changu."

Tulicheka mpaka farasi akageuka kututazama. Alikusanya kwa miaka. Rundo likawa refu, magogo mekundu, yaliyonyooka, yamekolea chumvi ya bahari kiasi kwamba hata mdudu hayagusi.

Ketill naye alikuwa akisaidia. Hakuwa mtu wa sura mbaya wala maneno mabaya, na hapo ndipo panapouma. Alipiga kodiani, alijua kuiga sauti ya mchungaji akihubiri akiwa na mafua, watoto wangu walimpenda kuliko mjomba wao wa damu. Herborg alimpikia, alimfulia, alikamua ng'ombe wake asubuhi na jioni, na Ketill alimwita "dada yangu wa dhahabu" mbele za watu.

Vuli ya mwaka sitini na saba mzee Ingimundur alizidiwa. Herborg akampeleka kusini hospitalini kwa meli ya pwani. Nilikuwepo wakati wa kuagana, nimebeba sanduku lake. Rundo lilikuwa karibu na maji kuliko alivyopenda, kwa hiyo akamwambia kaka yake, "Ketill, nakuomba, yapandishe kabla ya baridi."

"Nenda zako dada. Nikimaliza kuchinja kondoo nayapandisha yote mpaka kule kwenye jiwe lako. Ukirudi utaanza msingi."

"Yote?"

"Hata vijiti."

Akambusu shavuni. Mimi niliona kwa macho yangu.

Barafu ya mwaka uliofuata, watu wa umri wangu wote wanaikumbuka. Mkondo wa baridi ulishinda, ukashinda vibaya. Ghuba yote iligeuka nyeupe, meli haikuweza kupita, unga ukatuishia, na tukawa tunasikia barafu ikisaga mawe ya pwani usiku kucha. Herborg alikwama kusini na baba yake. Mzee akafia huko mwezi wa Aprili, na yeye akasubiri na jeneza mpaka njia ya maji ilipofunguka mwanzoni mwa kiangazi.

Siku aliyoshuka, Ketill alimkumbatia akalia kwa ajili ya baba, na nadhani kilio kile kilikuwa cha kweli. Herborg alitazama pwani juu ya bega lake. Ufukwe ulikuwa mtupu, umekwanguliwa, hakuna hata ubao.

"Magogo yako wapi?"

"Barafu, dada. Ilipanda usiku mmoja, ikayasukuma, ikarudi nayo. Nilikuwa sijamaliza kuyapandisha. Nisamehe."

Akamsamehe. Hapo hapo, jeneza la baba yake likiwa bado juu ya mashua. Angefanya nini? Barafu kweli ilifika, kweli ilikwangua pwani za watu, ilibeba gati zima la jirani yetu wa kaskazini. Hakuna mtu wa Strandir ambaye angesikia maneno yale akatia shaka. Sisi kulaumu bahari tunaanza kabla ya kujua kusoma, na mtu anayetujua anaweza kujificha nyuma ya bahari mwaka mzima bila kuinama.

Herborg alilia siku chache, kisha akajifuta. Alisema, "Yana alama. Yatafika Skagi." Na akaanza kupiga simu.

Simu ya kwetu wakati ule ilikuwa waya mmoja kwa nyumba zote. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, na ukisikia mlio wa jirani ulikuwa unanyanyua mkono wa simu polepole, unaziba mdomo na kitambaa, unasikiliza. Wote tulifanya hivyo, na anayesema hakufanya ni mwongo. Ila kila anayenyanyua anapunguza nguvu ya waya. Wakisikiliza wengi, sauti inafifia mpaka wenye mazungumzo wanalazimika kupiga kelele.

Kwa hiyo Herborg alipiga kelele. Alimpigia Lárus, mkulima wa Skagi aliyekuwa na ufukwe mrefu kuliko wote upande ule.

"Lárus, hujambo? Hakuna chochote chenye alama yangu?"

"Sijambo. Hakuna, Herborg."

"Hata moja?"

"Gati la jirani yenu limefika, vipande vipande. Maboya yamefika. Lako hata moja sijaona."

"Labda yamechelewa."

"Labda. Nitaendelea kutazama."

Alipiga mwezi uliofuata, na mwingine, na mwingine. Kiangazi, vuli, mwaka wa pili. Kila mara sauti ilikuwa imefifia, maana Strandir nzima ilikuwa kwenye waya, na mimi nikiwemo. Nilisikia pumzi za watu. Nilisikia saa ya ukutani ya mtu, mbwa wa mtu. Herborg alikuwa akiuliza kwa sauti ya juu, "Hata moja?" na sisi sote kimya. Nilidhani kimya kile ni cha huruma.

Baada ya muda akaacha kupiga. Jioni moja aliniambia jambo ambalo lilimsumbua. Gati limefika, alisema, na lilichukuliwa na barafu ile ile wiki ile ile. Maji yangebebaje gati na kuacha magogo? Nikamwambia pengine yalizama. Akasema magogo yaliyokauka miaka kumi hayazami kwa safari ya kuvuka ghuba. Naye akaliacha, kwa sababu njia ya kulifuata ilipita kwa kaka yake, na hakutaka kwenda huko.

Kiangazi cha tatu baada ya barafu, watu wa Kárseyri walifungua ukumbi wao mpya. Kárseyri iko magharibi, ukishazunguka Horn, kule mkondo unakotoka. Walitualika wote, waimbaji wa kanisa letu pamoja na waume, wake na ndugu zetu. Tukakodi mashua. Ketill akasema hawezi.

"Ng'ombe anakaribia kuzaa," akasema.

"Kaka, yule kazaa wakati wa Pasaka."

"Mwingine."

"Tunaye mwingine?" Herborg alicheka. Alidhani anaona haya kwa sababu ya mwanamke fulani wa Kárseyri.

Na wangu naye, asubuhi ya safari, yuko kitandani ameshika kiuno. Mgongo, anasema. Mgongo wa lini? Wa leo. Nikamwachia uji, nikaenda zangu, nikiwa sina habari hata kidogo.

Ukumbi ulikuwa mzuri, wa mbao tupu, unanuka utomvu. Walituandalia nyama ya kondoo ya moshi, chapati nyembamba zenye sukari, kahawa isiyokwisha. Tuliimba, kisha meza zikasogezwa ukutani na kodiani ikaanza. Herborg alicheza na nahodha mmoja mzee aliyemzungusha vizuri sana. Alikuwa anacheka, ametupa kichwa nyuma. Halafu miguu yake ikasimama, na nahodha akamgonga.

"Dagny," akaniita. "Njoo uangalie juu."

Nikaangalia. Kwenye boriti iliyo juu yetu, mikato mitatu na mmoja wa mshazari. Kwenye inayofuata, vivyo hivyo. Na ile kubwa ya juu ya jukwaa. Nilizifuata kwa macho mpaka mwisho wa ukumbi, alama baada ya alama.

Fundi aliyejenga, Hjálmar, alituona, akaja amejaa furaha, akampa Herborg mkono wake mgumu wa kazi.

"Ndiwe mwenye ufukwe wa Svalvík? Asante sana, mama. Sijawahi kugusa mbao kama hizi. Kijana wangu alitaka kuzipiga randa alama zitoke, nikamwambia thubutu. Watu wajue zimetoka kwa nani."

"Mlizipata lini?" Herborg aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Vuli ile, kabla ya barafu kubwa. Tulikuja na boti. Kaka yako akasema umeamua kubaki kusini, nyumba huitaki tena. Alitusaidia kupakia mwenyewe. Yeye na rafiki yake, yule mrefu, anayepiga chafya kila akinusa utomvu. Tulimcheka siku nzima."

Strandir yote ina mtu mmoja anayepiga chafya akinusa utomvu, na nimemzalia watoto wanne.

Sikumbuki tuliagaje. Kwenye mashua Herborg alikaa mbele, peke yake, amejifunika shali. Nilipomsogelea hakugeuka.

"Nilipiga simu Skagi kila mwezi," akasema.

"Najua."

"Watu walikuwa wanasikiliza."

"Walikuwa wanasikiliza. Na mimi nilikuwa nasikiliza."

"Boti iliyojaa magogo ilipita mbele ya kila nyumba kutoka Svalvík mpaka Horn. Wote waliiona." Kisha akanigeukia. "Wewe ulijua?"

"Sikujua, Herborg. Ulipoondoka sikuvuka kilima mpaka uliporudi, na kwetu kilima kinaziba bahari ya upande ule. Naapa kwa wanangu."

"Nakuamini," akasema. "Ila itanichukua muda."

Hilo sikumlaumu, na bado linaniuma mpaka leo. Nilikuwa rafiki yake pekee, na nilichafuliwa na wenzangu bila kugusa kitu.

Tulifika Svalvík asubuhi. Nilimsindikiza mpaka ndani kwa sababu niliogopa. Ketill alikuwa mezani, bonge la sukari katikati ya meno, anafyonza kahawa kupitia hapo kama alivyofanya baba yake. Akatuangalia. Herborg hakuvua shali.

"Ketill, mkondo uligeuka lini?"

"Mkondo gani?"

"Huu wa hapa mbele. Tangu lini unapeleka vitu Kárseyri?"

Akaitoa sukari mdomoni, akaiweka kwenye kisahani.

"Hela zipo," akasema. "Sijagusa hata moja. Ziko kabatini, zako zote."

"Nimekuuliza hela?"

"Ungeondoka, Herborg."

"Ningevuka kijito. Ungeniona dirishani."

"Ungepika kwako. Ungezima taa yako, ungefunga mlango wako. Baba alikuwa anakwenda, kila mtu alijua. Mimi ningebaki humu na nani? Nani angekamua? Ningekaa nasikiliza saa."

"Kwa nini hukuniambia hivyo?"

"Ningekuambia ungebaki?"

Herborg alifikiri. Hata pale, na moyo wake umepasuliwa, alifikiri kwa haki kabla ya kujibu. "Nisingebaki. Lakini ningekuita ule kwangu kila jioni. Nilikuwa nimeshapanga kiti chako kitakaa wapi."

Ketill akafunika uso kwa mikono. Kama alitarajia atamshika bega, hakushikwa. Herborg aliingia chumba cha nyuma ya jiko, akatoka na sanduku lile lile nililombebea safari ya hospitali. Alipofika mlangoni kaka yake akasema, kwa sauti ya mtoto kabisa, "Na jioni hii nani atakamua?"

Herborg alicheka. Kicheko kile sitaki kukisikia tena.

Kwangu nako hakukuwa na amani. Finnbogi alisema alikuwa akimsaidia jirani tu. Alisema Ketill alimwambia dada amekubali.

"Na uliposikia anapiga simu Skagi?" nikamuuliza. "Anapiga kelele kwenye waya kama mtu anayetafuta mtoto aliyepotea? Hapo uliambiwa nini?"

"Nilidhani yatapita. Ningesema, Ketill angekuwa adui yangu, na tunategemeana kukusanya kondoo."

"Na mimi je? Ulikuwa unalala na mimi."

"Wewe ungemwambia."

Ndiyo, ningemwambia. Yeye alilijua hilo, akanificha miaka mitatu, akanywa kahawa yangu, akaniacha nimfariji mwenzangu kwa habari za magogo kuzama. Wengine nao, nyumba baada ya nyumba, kila mmoja alikuwa na sababu kama hiyo, na kila sababu ilikuwa ya maana ukiisikiliza peke yake.

Herborg alivuka ghuba akawa mtunza nyumba kwa Lárus wa Skagi na mama yake mzee. Alimpikia, alimfulia, alikamua ng'ombe. Nilimtembelea mara moja tu, na nilipoona anapolala nilitoka nje nikajifanya natafuta glavu yangu. Kilikuwa chumba cha nyuma ya jiko. Mama mzee alikuwa akikohoa upande wa pili wa ukuta.

Nilimuuliza kama bado anataka nyumba. Alisema miti ya kujengea imepungua. Kweli ilianza kupungua. Mkondo wa baridi ulirudi nyuma miaka ile, barafu ikawa inakuja kidogo na kwa kuchelewa, redioni wakafurahia hali ya hewa, na magogo yaliyofika yakawa ya kuhesabika. Haki ya ufukwe wa Svalvík ilikuwa bado yake kisheria, lakini hakurudi kuisimamia. Ketill ndiye aliyeokota yaliyokuja, kwa ajili ya uzio. Aliishi peke yake. Kodiani sikuisikia tena, na ng'ombe aliwauza mmoja mmoja.

Kisha ikaja dhoruba ya Novemba moja, miaka kama kumi baada ya barafu kubwa. Bahari ilipanda juu kuliko kawaida ikaondoa vitu pwani nzima. Wiki mbili baadaye, mchana, simu ililia mlio wa Svalvík. Opereta akasema ni kutoka Skagi. Nilinyanyua, bila shaka nilinyanyua. Na kwa jinsi sauti ilivyofifia papo hapo, nikajua hakuna nyumba iliyobaki nje.

"Ketill," sauti ilisema. Haikuwa imesikika kwenye waya wetu muda mrefu.

"Nani?"

"Herborg."

Pumzi za watu zilisimama. Hata mbwa sikusikia.

"Gogo limefika hapa," akasema. "Lina alama ya Svalvík. Limechongwa karibuni, mikato bado myeupe. Nakupigia kwa sababu ndiyo desturi."

"Sikusikii vizuri," Ketill akasema. "Watu wamejaa kwenye waya. Wekeni simu chini, jamani."

"Msiweke," Herborg alisema. Hakupiga kelele safari hii. "Leo kaeni. Mlisikiliza siku zile, sikilizeni na leo. Ketill, gogo lina alama. Alama ni ya nani?"

Tulisubiri. Upepo ulikuwa unapiga waya nje, mlio ule unaoingia mpaka sikioni. Nilidhani atakata. Nilimwona kabisa, peke yake jikoni kwake, na saa yake.

"Yako," Ketill akasema. "Alama ni yako. Na yale mengine yalikuwa yako. Bahari haikuyachukua. Niliyauza mimi."

Jambo ambalo wote walilijua lilikuwa limesemwa hatimaye mahali lilipofichwa, na hakuna aliyeweza kusema hakusikia.

"Asante," Herborg akasema. "Nyumba haitoki kwenye gogo moja. Hili nitalipasua kuni, mama wa Lárus anasikia baridi."

Akakata. Mimi nilibaki na simu sikioni, na nikasikia nyumba zikiweka chini, mlio mdogo mmoja, kimya, mlio mwingine. Ketill ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Finnbogi aliingia kutoka zizini, theluji mabegani, akaniona nimesimama pale. Akauliza nani alipiga. Nilichukua ndoo ya maziwa pale chini, nikampa mkononi, nikamwambia arudi akakamue, leo na kesho na siku zote zitakazofuata.